Inveta au ya kawaida? Hesabu ya AC kwa chumba kimoja cha kulala Dar es Salaam

Januari, Dar. Kaskazi inavuma huko nje lakini chumbani haifiki, ukuta wa magharibi bado umeshika joto la saa tisa alasiri, na saa nne usiku shuka limeshalowa jasho. Mtoto anageuka huku na huku. Hapo ndipo wengi tunaposema basi, mwezi huu nanunua AC. Na hapo ndipo makosa yanapoanza, kwa sababu tukifika Kariakoo tunalinganisha bei za maboksi. Boksi unalilipia mara moja. Uniti unazilipia kila usiku.

Ya kwanza niliinunua hivyohivyo, kwa kuangalia bei. BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), ya kawaida, kwa chumba cha mita tatu na nusu kwa tatu na nusu. Uniti nilizozoea kununua kwa mwezi mzima zikaisha kabla ya nusu ya mwezi. Nikadhani mita imeharibika. Mita ilikuwa nzima kabisa, ila sikuwahi kuiangalia inafanya nini.

Iangalie na wewe leo. Kwenye uso wa mita ya LUKU kuna taa ndogo nyekundu inayomweka, na karibu yake pameandikwa namba ikifuatiwa na imp/kWh. Mita nyingi zina 1,000, maana yake mimweko 1,000 ni uniti moja. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji nayo, acha AC peke yake, kisha hesabu mimweko ya dakika moja. Ukipata 20, hiyo ni mimweko 1,200 kwa saa, yaani AC yako inakula uniti 1.2 kwa saa kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya kupoza, ikiwa inazunguka. Kipimo hiki ni cha bure na hakidanganyi, na nimekitumia kwa kila mashine nitakayoitaja hapa.

Zinatofautiana nini hasa

AC ya kawaida ina kompresa yenye hali mbili tu: inazunguka kwa nguvu zote, au imesimama. Chumba kikifika nyuzi ulizoweka, inazima. Joto likipanda kidogo, inawaka tena kwa nguvu zilezile. Ile sauti ya "tkaa!" usiku na taa ya chumbani kufifia kidogo ni kompresa inaamka.

Inveta inabadilisha kasi. Ikianza chumba kikiwa cha moto inakwenda mbio, na chumba kikishapoa inapunguza mwendo na kuendelea taratibu bila kuzima. Fikiria sufuria ya maharage. Kuna anayewasha moto mkubwa mpaka mchuzi ufurike, azime, likipoa awashe tena. Na kuna ambaye likishachemka tu anapunguza moto, maharage yanatokota polepole mpaka yaive. Yote yataiva, lakini mtungi wa gesi wa huyu wa pili unakaa zaidi. Kuna sababu nyingine ya kifundi: kompresa ikienda polepole, mabomba na vibati vya kupoozea vinakuwa vikubwa kuliko kazi iliyopo, kwa hiyo kila wati unayolipia inaondoa joto jingi zaidi chumbani.

Sasa tuweke namba. Mteja wa kawaida wa nyumbani wa TANESCO analipa takriban shilingi 350 kwa uniti ukijumlisha kodi na tozo. Nimechukua muda wa saa 8 kwa usiku, siku 30, chumba chenye dari na madirisha yanayofungika vizuri. Kwa AC ya kawaida nimechukua wati 1,200 na kompresa inayozunguka asilimia 65 ya muda. Za inveta ni wastani wa usiku mzima, pamoja na ile nusu saa ya mwanzo inapokwenda mbio. Chumba chako kinaweza kutoa namba tofauti kidogo, ila mpangilio wa nani anakula zaidi hautabadilika.

| Chaguo | Wastani (wati) | Uniti kwa usiku | Uniti kwa mwezi | Shilingi kwa mwezi |
|---|---|---|---|---|
| Pangaboi peke yake | 70 | 0.56 | 17 | 5,900 |
| AC ya kawaida, BTU 12,000, nyuzi 24 | 780 | 6.2 | 187 | 65,500 |
| Inveta, BTU 12,000, nyuzi 24 | 500 | 4 | 120 | 42,000 |
| Inveta, BTU 9,000, nyuzi 26, na pangaboi | 370 | 3 | 89 | 31,000 |

Kati ya mstari wa pili na wa tatu kuna shilingi 23,500 kwa mwezi. Tuseme inveta imezidi ya kawaida kwa laki mbili pale dukani: itachukua miezi minane na nusu ya matumizi kurudisha laki hizo. Nasema miezi ya matumizi, si ya kalenda. Kwangu AC inafanya kazi kuanzia Desemba mpaka mvua za Aprili zinapopoza hewa. Kusi ikishika, Juni mpaka Septemba, nafungua madirisha na AC inakaa kimya. Kwa mtu kama mimi laki mbili zinarudi msimu wa tatu. Kwa mwenye mgonjwa au mtoto mchanga ndani, au anayefanyia kazi nyumbani na kuwasha mchana na usiku, zinarudi kabla mwaka haujaisha.

Na kwa sebule inayowashwa saa moja Jumapili wageni wakija? Hapo sikushauri inveta. Ile saa ya kwanza inveta inakwenda mbio kama ya kawaida, na faida yake inaanza chumba kikishapoa, wakati wageni wako wameshaaga. Nunua ya kawaida ya bei nafuu, au ongeza pangaboi la pili.

Neno moja kwa waliomo kwenye lile kundi la matumizi madogo la D1, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi 75, uniti za ziada unauziwa kwa 350. Tazama jedwali tena: hakuna AC ya kila usiku inayoingia ndani ya 75, hata iliyo nafuu kuliko zote, na bado hujawasha friji. Kwa hiyo mwenye D1 hesabu yake ni nzito kuliko ya wengine. Hatalipia tu umeme wa AC, atapoteza pia unafuu wa bei. Kama uko humo na joto ndilo linalokunyima usingizi, anza na pangaboi, dari na madirisha kabla ya kitu kingine chochote.

Kibandiko cha ubavuni

"Bosi, hii ndiyo baba lao. Inveta."

"Inakula umeme kiasi gani?"

"Hii? Haili kabisa, bosi."

Usibishane na kijana wa watu, yuko kazini. Zunguka ubavuni mwa boksi la ndani au la nje utafute kibandiko. Kuna uwezo wa kupoza kwa wati (W) au BTU, na kuna umeme unaoingia kwa wati. Kama kimeandikwa BTU pekee, kumbuka BTU 12,000 ni wati 3,500 za ubaridi na BTU 9,000 ni wati 2,640. Gawanya ubaridi kwa umeme. Inayotoa 3,500 kwa kula 1,250 inakupa 2.8. Inayotoa 3,500 kwa kula 1,000 inakupa 3.5. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo unavyolipa kidogo.

Ila kuna mtego. Namba hiyo inapimwa mashine ikiwa na kasi yake ya kawaida ya kiwandani, nje kukiwa na nyuzi 35 na ndani 27. Kwa kasi hiyo inveta ya bei rahisi na AC ya kawaida zinaweza kufanana kabisa, na faida ya inveta inaonekana inapopunguza mwendo. Kwa hiyo tafuta pia mabano: inveta ya kweli huandikwa umeme wa chini na wa juu, mfano 1,000 (300–1,300). Ile 300 ndiyo unayoinunua. Kibandiko kikiwa na namba moja tu bila mabano, mwambie muuzaji akuonyeshe kitabu chake. Maandishi makubwa ya kusifia kuokoa umeme na picha ya jani la kijani si ushahidi.

Walioko Mombasa na Malindi wana nafuu hapa, kwa sababu Kenya ina lebo ya nyota kwa viyoyozi. Nyota nyingi, umeme kidogo. Linganisha nyota za mashine zenye BTU sawa.

BTU 9,000 au 12,000

Hili linaumiza mifuko kimya kimya. Tunaamini kubwa ndiyo bora. Kwa chumba chenye dari na kisichopigwa sana na jua, mafundi wengi wanakadiria BTU 600 hadi 700 kwa mita moja ya mraba. Chumba changu cha mita 12 za mraba kilihitaji 9,000. Mimi nilinunua 12,000.

Kwenye pwani yetu ubaya wa AC kubwa hauishii kwenye umeme. Hewa ya Dar imejaa unyevu, na AC inakausha hewa pale tu kompresa inapozunguka na mvuke kugeuka maji kwenye koili ya ndani, yaani yale mabomba baridi yenye vibati. AC ya kawaida iliyo kubwa kupita kiasi inapoza chumba haraka, inazima, na unyevu unabaki. Unapata ule ubaridi wa kunata, unavuta shuka na bado ngozi haijakauka. Kisha unashusha nyuzi zaidi ukidhani ndiyo dawa.

Usiku mmoja niliweka ndoo ya lita 10 chini ya bomba linalotoa maji nje. Alfajiri ilikuwa imejaa. Nikaifurahia kwanza, nikaona mashine inafanya kazi. Baadaye nikapiga hesabu. Kugeuza mvuke kuwa lita moja ya maji, AC inapaswa kuondoa joto linalofikia karibu uniti 0.7. Kwa mashine yenye ufanisi wa 3, hiyo ni zaidi ya uniti 0.2 za umeme kwa kila lita. Ndoo nzima ni uniti mbili na zaidi kidogo, yaani theluthi ya umeme wangu wa usiku ule ilitumika kukausha hewa. Na hewa ile ilitoka wapi? Chini ya mlango palikuwa na upenyo wa kupitisha vidole viwili. Dirisha la alumini la kusukuma lilikuwa limeacha mwanya, na juu ya ukuta kulikuwa na matundu ya hewa ya zamani yenye wavu. Nilipoziba mlango kwa ukanda wa mpira na matundu yale kwa ubao ninaoweza kuutoa msimu wa Kusi, ndoo ilifika nusu tu. Sijui matumizi mengine ya pesa ndogo nyumbani kwangu yaliyonilipa haraka kiasi kile.

Ndiyo maana chumba kinachoungana na korido bila mlango, au chenye bati tupu bila siling bodi, kinaweza kuila inveta bora kuliko zote. Haitapata nafasi ya kupunguza mwendo, itakimbia usiku kucha kama ya kawaida. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, dari kwanza.

Pangaboi si la kutupa

Watu wakifunga AC wanazima pangaboi, wengine wanaling'oa kabisa. Lirudishe. Upepo wake hausababishi hewa ipoe, lakini unaondoa jasho kwenye ngozi, na mwili unahisi kama joto limepungua kwa nyuzi zinazokaribia tatu. AC kwenye 26 au 27 na pangaboi la polepole ni usingizi uleule wa AC kwenye 24 peke yake. Idara ya India inayosimamia matumizi bora ya nishati inakadiria kila nyuzi moja unayopandisha inaokoa karibu asilimia 6 ya umeme wa AC, na tangu Januari 2020 viyoyozi vya chumba nchini humo vinatoka kiwandani vikiwa vimewekwa 24. Kuna pangaboi za mota mpya zinazokula wati 30 tu au karibu na hapo. Ukizipata, chukua.

Kuweka 16 ili chumba kipoe haraka hakusaidii AC ya kawaida hata kidogo. Nguvu zake ni zilezile kwenye 16 na kwenye 25, tofauti ni kwamba kwenye 16 haitafika, kwa hiyo haitazima.

Feni ya maji

Zile mashine za kumwagia maji na barafu, zinazouzwa kama mbadala wa AC kwa bei ya chini, zinapoza kwa kuvukiza maji. Dodoma mwezi wa Oktoba, hewa ikiwa kavu, zinafanya kazi vizuri na umeme wake ni mdogo kama wa feni. Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa hewa imeshabeba maji mengi, haiwezi kupokea zaidi. Utaongeza unyevu chumbani na kulala vibaya kuliko jana. Kwa pwani, hapana.

Ya magurudumu yenye bomba nene la kutoa joto dirishani ni AC kweli, lakini inachukua hewa uliyokwisha kuipoza na kuitupa nje, na nafasi yake inajazwa na hewa ya moto inayopenya milangoni. Inamfaa mpangaji ambaye mwenye nyumba amemkataza kutoboa ukuta. Wengine waiache.

Mpya au mtumba wa Dubai

Mtumba wa kutoka Ghuba una sifa moja ya kweli: nyingi zimetengenezwa kustahimili joto la nje la nyuzi 46, kwa hiyo joto letu la 33 kwake ni jepesi. Umeme wa Emirati na Omani una mzunguko wa Hz 50 kama wetu. Wa Saudia ni Hz 60, na AC nyingi ndogo za Japani ni za volti 100, kwa hiyo soma kibandiko kabla hujatoa pesa. Pia tazama gesi. Nyingi za zamani zinatumia R22, ambayo inaondolewa sokoni kwa Itifaki ya Montreal kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. Kwa nchi zetu mwisho wake ni 2030, na kadiri inavyoadimika ndivyo kujaza kutakavyokuwa ghali.

Kwa mpya utakuta R410A au R32. Chagua R32. Mashine zake huwa na ufanisi mzuri kidogo, zinahitaji gesi kidogo, na ikivuja nguvu yake ya kuongeza joto duniani ni takriban theluthi ya ile ya R410A. Makubaliano ya kupunguza gesi za jamii hii yalifikiwa hapa jirani, Kigali, Oktoba 2016, kwa hiyo R410A nayo safari yake imeanza. R32 inaweza kushika moto kwa kiasi, fundi asichomelee bomba likiwa na gesi ndani.

Mtumba ninaukubali kwa sebule ya mara mojamoja. Kwa chumba cha kulala cha kila usiku, koili zilizochakaa zitakurudisha kwenye uniti sita.

Fundi

AC nzuri iliyofungwa vibaya ni AC mbaya. Fundi mmoja alinifungia kwa kufungua gesi kidogo ili "ifukuze hewa" kwenye mabomba, akakunja vifaa vyake na kuondoka. Mabomba yananyonywa hewa kwa pampu, dakika 20 au zaidi, na geji inaangaliwa kama inashikilia. Hewa na unyevu vikibaki ndani, kompresa inafanya kazi ngumu maisha yake yote. Mwaka uliofuata akaja kuniambia gesi imeisha, tuongeze. Gesi ya AC haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka kwenye bomba lililofungwa, na ikipungua kuna mahali inavuja. Dai atafute uvujaji kwanza.

Dai pia mabomba ya shaba, si ya alumini. Boksi la nje liwekwe kivulini penye upepo, si ndani ya kibaraza kilichozibwa ambapo linavuta hewa ya moto iliyotoka kwenye mgongo wake lenyewe. Kama unaishi karibu na bahari, chumvi itakula vile vibati vyembamba vya nyuma, kwa hiyo chagua vilivyopakwa rangi ya kinga, ya bluu au dhahabu. Na kwa inveta, usikose kifaa cha kulinda umeme kilichotengenezwa kwa ajili ya AC, chenye kuchelewesha dakika chache umeme unaporudi. Cha friji ni kidogo. Bodi ya umeme ya inveta ndiyo udhaifu wake mkubwa mbele ya ya kawaida, na ikiungua kwa umeme uliorudi kwa kishindo, akiba ya msimu mzima inakwenda nayo.

Vichujio unaosha mwenyewe kwa maji ya bomba, kila wiki mbili msimu wa joto. Vyepesi, vinachomoka kwa mkono. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa kubadilisha kichujio kichafu na kuweka safi kunapunguza umeme wa AC kwa asilimia 5 hadi 15.

Kabla hujamlipa fundi salio lake, acha AC izunguke nusu saa, zima vingine vyote, nenda ukahesabu mimweko ya dakika moja naye akiwa amesimama hapo. Usiku huohuo soma uniti saa nne, soma tena saa kumi na mbili asubuhi, na uandike tofauti yake ukutani kando ya mita pamoja na tarehe. Desemba ijayo pima tena kwa nyuzi zilezile. Ikiwa uniti nne zimekuwa sita, osha vichujio na koili kwanza, upime usiku unaofuata, na zikibaki sita ndipo umpigie simu.